Siku mbili, ndege mbili: Hemingway alivyozushiwa kifo Uganda

Ukimsikia mtu akisimulia kwamba Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, aliwahi kuanguka na ndege Afrika, mwulize: ipi? Zilikuwa mbili, na ziliandamana: moja Januari 23, 1954, nyingine jioni ya kesho yake, zote magharibi mwa Uganda. Masimulizi mengi huzichanganya zikawa ajali moja. Ya kwanza ina tembo, maporomoko na usiku wa kulala porini, basi ndiyo inayopendwa. Ya pili haina mandhari. Ina uwanja mbovu, moto na mlango uliokwama. Lakini ukitaka kujua safari ile ilimfanya nini mwandishi huyu, ni ya pili unayopaswa kuitazama, na kuitazama bila zile ndizi na ile chupa ambazo magazeti yalizipenda mno. Tutazifikia.

Hemingway alikuwa na miaka 54 na alikuwa kileleni. Riwaya yake fupi ya mzee mvuvi wa Cuba ilitoka 1952, na mwaka uliofuata ikampa tuzo ya Pulitzer. Agosti 1953 aliteremka Mombasa na mkewe wa nne, Mary Welsh, kwa safari ya pili ya kuwinda Afrika Mashariki. Ya kwanza ilikuwa ya 1933 na 1934, akiwa na mke wa pili, Pauline, wakiongozwa na mwindaji mashuhuri Philip Percival. Katika safari ile aliugua kuhara damu huko nyikani Tanganyika hadi ikabidi aletwe Nairobi kwa ndege ndogo, ikipita karibu na Kilimanjaro. Kutoka kwenye homa ile na mlima ule alipata hadithi yake ya 1936, inayoanza na mzoga wa chui uliokutwa karibu na kilele, umekauka na kuganda. Kwa maneno mengine, mara ya kwanza ndege ndogo ndiyo iliyomwokoa.

Safari hii ya pili ililipiwa kwa sehemu na jarida la Look la Marekani, lililompa na mpiga picha. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, lakini Hemingway alipiga kambi upande wa Kajiado, kusini, akapewa hata cheo cha heshima cha kulinda wanyamapori. Percival, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alirudi kazini kwa ajili yake. Alijifunza Kiswahili pia, kile cha bara cha kuamrisha na kutaniana kambini, na maandishi yake ya baadaye kuhusu safari hiyo yamejaa maneno ya Kiswahili. Msomaji wa pwani atatabasamu, lakini ataelewa.

Zawadi ya Krismasi aliyomwahidi Mary ilikuwa safari ya angani hadi Kongo ya Wabelgiji, ili apige picha kutoka juu. Januari 21, 1954, waliondoka Nairobi katika Cessna 180 iliyorushwa na Roy Marsh. Wakapita juu ya Ngorongoro na Serengeti, wakalala Bukavu, mji ambao wakati ule uliitwa Costermansville, kando ya Ziwa Kivu. Siku ya pili walielekea kaskazini kufuata maziwa ya Bonde la Ufa, kisha wakaenda Entebbe. Siku ya tatu wakaja kwenye maporomoko ya Murchison.

Mahali hapo Mto Nile, ambao juu kidogo ni mpana na mtulivu, unabanwa ghafla kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, halafu unatupwa chini mita 43. Kutoka ardhini unasikia zaidi kuliko unavyoona, kwa kuwa mvuke wa maji unaficha. Kutoka angani ndipo unapoona jinsi mto mzima ulivyopitishwa kwenye tundu. Hiyo ndiyo picha Mary aliyoitaka. Marsh alizunguka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, kila mara akiwa chini kidogo ili kamera ipate vizuri. Kundi la ndege wakubwa likakata njia yake. Akainamisha Cessna kuwakwepa, na huko chini akakutana na waya wa simu ya zamani, laini iliyokwisha kuachwa bila kutumika, umetandazwa kuvuka bonde.

Huyu waya anastahili maneno mawili. Marubani wa ndege ndogo hufundishwa kwamba waya hauonekani kutoka juu. Unachotafuta ni nguzo, na ukiona nguzo mbili unajua kuna waya katikati. Palipo na bonde lenye miti, nguzo zinaweza kuwa mbali ng'ambo na ng'ambo, zimefunikwa na kichaka, na waya mwembamba uliofifia rangi hauna chochote cha kukuonya. Kwa hiyo usishangae kwamba rubani hodari alinaswa na kitu ambacho hakikuwa na kazi tena. Alichofanya Marsh baada ya hapo ndicho cha kusifiwa. Aliielekeza ndege iliyojeruhiwa kwenye vichaka, akaitua kwa kishindo kilomita tano hivi kutoka kwenye maporomoko, na wote watatu wakatoka kwa miguu yao. Mary alivunjika mbavu mbili. Hemingway aliteguka bega.

Usiku waliwasha moto mahali palipoinuka na kulala hapo, huku tembo wakipita karibu. Baadaye Hemingway aliandika kwa utani kwamba tembo mmoja alisimama kusikiliza Mary akikoroma, na kwamba Mary alikana katakata kuwahi kukoroma maishani mwake. Hivi ndivyo alivyoligeuza lolote lililomtisha likawa kichekesho. Tukumbuke tabia hiyo, maana itatupoteza mbele.

Asubuhi waliona boti kwenye mto. Ilikuwa ya abiria, iliyokodiwa na daktari mpasuaji kutoka Kampala aliyeleta familia yake kutembea. Ikawachukua, ikashuka nao Nile hadi Ziwa Albert, na kuwafikisha bandari ya Butiaba. Mpaka hapo, hii ni hadithi ya watu walioponea chupuchupu na sasa wanarudi nyumbani.

Lakini duniani walikuwa wamekwisha kufa. Ndege ya abiria ya shirika la BOAC, iliyoombwa kuangalia njiani, iliona mabaki ya Cessna chini na haikuona mtu. Hilo lilikuwa kweli: walikuwa wamepiga kambi pembeni, kwenye kilima. Tatizo ni jinsi kauli ya kweli inavyobadilika ikisafiri. Rubani anasema "sikuona mtu hai". Kituo kinachopokea kinaandika "hakuna dalili ya walionusurika". Shirika la habari, linaloshindana na mashirika mengine kwa dakika, linapeleka "anahofiwa kufa". Mhariri wa usiku upande wa pili wa dunia ana tanzia ya Hemingway kabatini, kwa sababu magazeti makubwa huandika tanzia za watu mashuhuri wangali hai, na nafasi yake ya ukurasa wa mbele iko wazi. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliongeza nusu hatua. Siku hizi tunasema mtu amezushiwa kifo, na tunailaumu mitandao, lakini mwaka 1954 kazi hiyo ilifanywa na simu za upepo na wahariri wenye akili timamu.

Wakati tanzia zikichapwa, huko Butiaba jua lilikuwa linatua. Rubani mwingine, aliyeshinda akimtafuta Hemingway kutoka angani, alikuwa na ndege aina ya de Havilland Rapide na alijitolea kuwapeleka Entebbe jioni ile ile. Rapide ni ndege ya miaka ya 1930 yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mwili uliotengenezwa kwa mbao nyembamba na kitambaa. Ni nyepesi, na ni kuni. Uwanja wa Butiaba ulikuwa njia ya udongo yenye mashimo na vichuguu. Ndege ilikimbia ikirukaruka, ikainuka kidogo, ikaanguka tena, ikasimama, na moto ukashika.

Sasa tuingie ndani. Marsh alivunja dirisha, akamtoa Mary, naye akapita. Hemingway alikuwa mtu mnene, mrefu, mabega kama mlango, na dirisha halikumtosha. Mlango wa chuma ulikuwa umejikunja kwenye fremu. Bega lake lilikuwa limeteguka tangu jana. Moshi ulikuwa unajaa na mafuta yanawaka. Akatumia kichwa. Aliupiga mlango kwa kichwa mpaka ukaachia, akatoka nje akivuja damu, na ndege ikateketea na mizigo, pasipoti na filamu alizopiga Mary.

Fikiria hilo kwa sekunde moja, si kama tendo la ushujaa bali kama fizikia. Fuvu ni gumu, lakini ubongo uliomo ndani ni laini na unaelea kwenye maji. Kichwa kikisimamishwa ghafla na chuma, ubongo haujasimama, unaendelea mbele na kugonga ukuta wake wenyewe. Mara moja ni mtikisiko wa ubongo. Yeye alipiga tena na tena, siku moja tu baada ya ajali nyingine.

Walipelekwa Masindi kwa gari usiku, kwenye hoteli ya reli. Waandishi wa habari wakawakuta siku iliyofuata, na ndipo dunia ikapata picha iliyodumu: Hemingway akiwa amefungwa bendeji, mkungu wa ndizi mkono mmoja na chupa ya jini mkono mwingine (jini ya kunywa, si jini wa kwenye chupa), akisema bahati yake bado inamkubali. Magazeti yaliyomzika jana yalifurahi kupata kichekesho leo, kwa sababu kichekesho husahaulisha kosa. Yeye naye aliwapa walichotaka. Ndiyo maana mpaka leo watu wakikisimulia kisa hiki hucheka.

Orodha ya majeraha ilijulikana polepole, na sehemu kubwa ilithibitishwa baada ya miezi, alipopimwa Venice. Fuvu lilikuwa na ufa, na maji yanayozunguka ubongo yalikuwa yakichuruzika nyuma ya sikio la kushoto, kiasi kwamba asubuhi ya kwanza mto wa kulalia ulikuwa umelowa. Maji hayo yakitoka ina maana njia imefunguka kati ya ubongo na nje, na kijidudu kikiingia huko mgonjwa anaweza kufa kwa homa ya uti wa mgongo, hata kama ajali haikumuua. Jicho la kushoto lilipoteza nuru kwa muda, na sikio la kushoto likaziba. Pingili mbili za uti wa mgongo zilipondeka. Ini, figo na bandama zilipasuka au kuchubuka, na alikojoa damu. Mkono na bega vilikuwa havina kazi. Uso, mikono na kichwa viliungua. Haya yote yalikuwa ndani ya mtu aliyeonekana akitania waandishi.

Na alikuwa mkaidi. Siku chache baadaye alipanda tena ndege ndogo, Marsh akiwa rubani, kurudi Nairobi. Huko, kwenye chumba cha hoteli ya New Stanley, alisoma tanzia zake kama mtu anayesoma mapitio ya kitabu kipya. Kwa masimulizi yake mwenyewe, gazeti moja la Ujerumani lilidai alikufa akijaribu kutua juu kabisa ya Kilimanjaro, kana kwamba alikwenda kumtafuta yule chui wake. Nyingine zilisema alikuwa akikitafuta kifo maisha yake yote. Hili lilimuudhi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu anayekitafuta kifo kwa bidii hivyo, angekuwa amekwisha kukipata kabla ya kufika miaka 54. Huku kichwa kikiuma na jicho moja likiona ukungu, alitamka makala ndefu kuhusu ajali hizo, mtu akiandika, na Look ikaichapa kwa sehemu mbili Aprili na Mei 1954. Ni makala ya kuchekesha. Ukiisoma huku orodha ya majeraha iko pembeni, inatisha.

Wengi humaliza kisa hapa, na huacha Shimoni. Februari, familia ilikuwa imepanga kuvua samaki pwani ya kusini ya Kenya, mkabala na kisiwa cha Wasini, na Hemingway akasisitiza kwenda. Moto wa nyasi ukazuka karibu na kambi. Akajitosa kusaidia kuuzima, miguu haikumbeba, akaanguka ndani ya moto. Aliungua miguu, tumbo, kifua, midomo na mikono. Ajali haina kinga, tunasema, lakini hii ilikuwa na sababu inayoeleweka: mtu mwenye mtikisiko mbaya wa ubongo hupoteza usawa wa mwili na pia hupoteza ule uamuzi wa kumwambia akae kando. Kwa maoni yangu, moto wa Shimoni ni mwendelezo wa mlango wa Butiaba. Machi walipanda meli Mombasa kwenda Venice.

Oktoba 28, 1954, Stockholm ikatangaza kwamba amepata Nobel ya Fasihi. Wapo wanaoamini kwamba hofu ya Januari iliwaharakisha majaji, na yeye mwenyewe hakuipuuza dhana hiyo. Hakwenda kuipokea. Hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani nchini Sweden, kwa sababu mwandishi alikuwa Cuba, mgongo unamuuma, hawezi safari.

Hapo ndipo fundo lilipo: je, Butiaba ilimuua? Alijiua Julai 2, 1961, nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho, miaka saba na nusu baada ya ule mlango. Mwaka 2017 daktari wa magonjwa ya akili, Andrew Farah, alichapisha kitabu akidai kwamba Hemingway alikuwa na maradhi ya ubongo yanayotokana na mapigo ya kujirudia, yale yale yanayowapata mabondia wa zamani, na alihesabu mitikisiko tisa mikubwa. Si vigumu kuipata hesabu hiyo. Mwaka 1918, akiwa kijana wa Msalaba Mwekundu Italia, kombora lilipasuka karibu naye. Mwaka 1928, Paris, alivuta kamba isiyo yake msalani, kioo cha dari kikamwangukia. Mei 1944, London ikiwa gizani kwa vita, gari alilopanda liligonga tangi la maji, akashonwa nyuzi zaidi ya hamsini. Miezi michache baadaye alirushwa kutoka kwenye pikipiki Normandy. Mwaka 1950 alianguka kwenye boti yake. Kisha Uganda.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini nataka kuibana. Maradhi hayo huthibitishwa kwa kuupasua ubongo baada ya kifo na kuutazama kwa hadubini, na ubongo wake haukuchunguzwa hivyo. Tena kulikuwa na mengine. Alikunywa pombe kwa miongo kadhaa kwa kiasi cha kuangusha ng'ombe. Baba yake alijiua 1928, na baadaye ndugu zake wawili nao pia, kwa hiyo huzuni ilikuwa katika damu ya ukoo. Na mwisho wa 1960 alilazwa katika kliniki ya Mayo akatibiwa kwa mishtuko ya umeme, tiba ambayo alilalamika kwamba ilifuta kumbukumbu yake. Anayeichukua ajali moja na kuifanya sababu ya yote anafanya kama wale wahariri wa Januari 1954: anaongeza nusu hatua.

Kinachoweza kusemwa bila kubahatisha ni kile kilichotokea mezani kwake. Kabla ya Uganda alikuwa mtu wa kufupisha. Sifa yake yote imesimama juu ya sentensi alizozikata. Baada ya Uganda hakuweza kukata. Aliporudi Cuba alianza kitabu kuhusu safari ile ya Kenya, kikafika zaidi ya kurasa 800, akakiacha 1956 bila mwisho. Kilikuja kuchapwa baada ya kifo chake, kwanza 1999 kikiwa kimepunguzwa na mwanawe Patrick, kisha 2005 karibu chote. Mwaka 1959 jarida la Life lilimwomba makala ya maneno 10,000 kuhusu mapigano ya watu na mafahali Hispania. Alileta mara kumi na zaidi ya hapo, na ikabidi rafiki yake aitwe kumsaidia kupunguza, kwani mwenyewe hakujua tena kipi kitoke.

Februari 1961, baada ya kutoka kliniki, aliombwa kuandika mistari michache kwa mkono katika kitabu cha kumpongeza Rais Kennedy. Salamu, si zaidi. Mary alinunua karatasi, akamwacha mezani. Alishinda hapo mpaka jioni. Daktari wake alipokuja kumpima shinikizo la damu, alimkuta bado na kalamu mkononi. Hemingway alimwambia kwamba maneno hayaji tena, kisha akaanza kulia.